TUKARAM WA DEHU, MSHAIRI ALIYEZAMISHIWA MADAFTARI YAKE

 

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeiandika katika insha zetu hadi imechakaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiitumia kama chumvi tu, ya kunipatia alama mbili tatu za mapambo. Nilianza kuielewa siku niliposoma habari za mtu mmoja wa India aliyeaga dunia zaidi ya miaka 370 iliyopita. Mtu huyo aliitwa Tukaram. Hakuwa mfalme, hakuwa jemadari wa vita, wala hakuhitimu chuo chochote. Alikuwa mwuza nafaka wa kijijini, tena aliyefilisika. Hata hivyo, leo katika jimbo la Maharashtra si rahisi kumpata mtu asiyelijua jina lake.

Nitawasimulia maisha yake na hadithi zinazosimuliwa kijijini kwao. Mwishoni nitawaeleza jambo nililolifanya nikiwa kidato cha pili, ambalo mpaka leo hulijutia. Naomba msinicheke.

KIJIJI CHENYEWE

Dehu ni kijiji kilichoko ukingoni mwa mto Indrayani, yapata kilomita 30 kutoka mji wa Pune, magharibi mwa India. Chakula cha mkulima wa huko tangu jadi ni chapati ngumu ya unga wa mtama au wa uwele. Mvua ikikosa kunyesha, hakuna mchezo. Njaa hubisha hodi kila mlango.

Watu wa huko humheshimu mungu wao aitwaye Vithoba, ambaye hekalu lake kuu liko katika mji wa Pandharpur. Sanamu yake humwonyesha amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja. Nilipouliza anangoja nini, nilipata hadithi tamu. Eti mungu huyo alimtembelea kijana mmoja aitwaye Pundalik, akamkuta anawahudumia baba na mama yake. Kijana hakutaka kuwaacha wazazi wake. Basi akamrushia mgeni tofali la kusimamia, akamwomba angoje kidogo. Mungu akangoja, na yuko pale hadi leo. Jamani, radhi ya wazazi si kitu cha kuchezea!

Wafuasi wa Vithoba huitwa Wavarkari. Desturi yao ni kwenda Pandharpur kwa miguu, wakiimba njiani. Yasemekana kwamba mmoja wa mababu wa Tukaram, jina lake Vishvambhar, alikuwa akienda huko bila kuchoka, mara kwa mara. Mwisho Vithoba akamtokea ndotoni na kumwambia kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuja kumtembelea mja wake. Wanakijiji wakaenda kwenye miembe, wakachimba, wakakuta sanamu. Hapo ndipo Dehu ikapata hekalu lake, na ukoo wa Tukaram ukapata kazi ya kulitunza.

UTOTO NA NJAA KUU

Tukaram alizaliwa katika ukoo huo mwaka wa 1608, kwa hesabu inayotajwa na wengi. Baba yake aliitwa Bolhoba na mama yake Kanakai. Walikuwa watu wa jamii ya Kunbi, yaani wakulima, na pia walikuwa na duka la nafaka na kuwakopesha watu fedha. Kwa hiyo si kweli kwamba alizaliwa maskini. Alizaliwa katika nyumba yenye ng'ombe na akiba.

Mambo yakaanza kwenda mrama angali kijana. Wazazi wake wakafariki. Kaka yake mkubwa, Savji, alikuwa amefiwa na mke, akaondoka nyumbani na kwenda kutangatanga kama mtawa. Mzigo wote ukamwangukia Tukaram. Wakati huo alikuwa na wake wawili: Rakhma, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa pumu, na Jijabai, ambaye wengi humwita Avali.

Mwaka wa 1630 njaa kuu ikaingia katika nyanda za Dekani, ikadumu hadi mwaka wa 1632. Historia huitaja kuwa miongoni mwa njaa mbaya zaidi zilizopata kuikumba India. Watu walikufa njiani, vijiji vikabaki mahame. Tukaram, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza nafaka, hakuwa na nafaka ya kuuza wala ya kula. Mke wake Rakhma akafa kwa njaa. Mtoto wao wa kiume akafa pia. Hebu fikiria, mwenzangu: mwenye duka la chakula anamzika mkewe aliyekufa kwa kukosa chakula.

Baada ya msiba huo alikwenda kwenye mlima wa Bhandara, ulioko karibu na kijiji, akakaa peke yake akitafakari. Kanhoba, ndugu yake mdogo, alimtafuta hadi akampata. Ndipo Tukaram akafanya jambo la ajabu. Alizitoa hati zote za madeni ya watu waliokopa kwao. Nusu akampa Kanhoba, kwa kuwa ilikuwa haki yake, na nusu yake mwenyewe akaitupa mtoni Indrayani. Wadeni wake wote wakawa huru. Njaa ilikuwa imewala, naye hakutaka kuwala mara ya pili.

KUANZA KUTUNGA

Tangu hapo duka halikumshughulisha tena. Alilikarabati hekalu la ukoo wao lililokuwa limebomoka, akawa anahudhuria nyimbo za usiku. Alijifunza kwa moyo mashairi ya watunzi waliomtangulia. Nao walikuwa watu wa kila aina: Namdev alikuwa wa jamii ya washonaji, Gora alikuwa mfinyanzi, Savata alikuwa mkulima wa bustani, na Chokhamela alikuwa wa jamii iliyokatazwa hata kukanyaga ndani ya hekalu. Dnyaneshwar alikuwa ameandika kitabu chake kikuu mwaka wa 1290. Wote hawa walitunga kwa Kimarathi, lugha ya sokoni na shambani.

Usiku mmoja, yasemekana, Namdev aliyekwisha kufa karne tatu nyuma alimjia Tukaram ndotoni pamoja na Vithoba. Alimwambia kwamba aliweka nadhiri ya kutunga mashairi mengi mno, akafa kabla ya kuitimiza, kwa hivyo Tukaram aimalizie. Tangu ndoto hiyo maneno yakaanza kumtoka kama maji ya chemchemi. Mashairi yaliyohifadhiwa kwa jina lake ni kama 4,500. Aina yenyewe ya shairi huitwa abhanga, maana yake isiyovunjika. Nawaomba mlikumbuke neno hilo.

Alitunga juu ya Mungu, lakini hakuficha shida zake. Alisema wazi juu ya njaa, aibu ya kufilisika, wanafiki wanaojipaka majivu huku mioyo yao ni michafu, na mashaka yake mwenyewe. Ndiyo maana mkulima akimsikia alihisi kwamba ni jirani yake anayeongea.

AVALI NA MUWA

Sitaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nyumbani kwa Tukaram hali ilikuwa ngumu, na aliyeubeba ugumu huo ni Avali. Mume anaimba usiku kucha, watoto wanalia njaa. Wasimulizi wengi humfanya Avali kuwa mwanamke mkali mwenye mdomo. Mimi naona alikuwa na sababu. Tena husimuliwa kwamba kila siku alipanda mlima wa Bhandara juani kumpelekea mumewe chakula, akimlaumu njia nzima, lakini hakula kabla yeye hajala.

Kuna kisa kimoja kinachowachekesha watu wa Dehu hadi leo. Siku moja Tukaram alipewa mzigo wa miwa. Akiwa njiani kurudi nyumbani watoto wa kijiji wakamzunguka, naye akagawa muwa mmoja mmoja, hadi akafika nyumbani na muwa mmoja tu. Avali alipoona hivyo alipandwa na hasira, akaushika ule muwa akamtandika nao mgongoni. Muwa ukavunjika vipande viwili. Tukaram akacheka, akamshukuru mkewe kwa kuugawa sawasawa, kipande chake na kipande cha mwenzake.

Kingine ni cha shamba. Mkulima mmoja alimwajiri alinde nafaka isiliwe na ndege. Tukaram akawaonea ndege huruma, akawaacha wale washibe. Mwenye shamba akamshtaki mbele ya wazee wa kijiji. Kumbe walipovuna, mavuno yalizidi yale ya kawaida. Unaweza kuamini au kuacha, lakini hadithi hiyo ingali inasimuliwa.

UGOMVI

Wakati huo Wahindu waligawanyika katika matabaka ya kuzaliwa. Juu kabisa walikuwa Mabrahmani, ambao peke yao waliruhusiwa kufundisha vitabu vitakatifu, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Wakunbi walihesabiwa kuwa Wasudra, tabaka la watumishi. Msudra hakupaswa kuzisoma Veda, sembuse kuwafundisha wengine. Sasa huyu Tukaram, Msudra aliyefilisika, alikuwa anafundisha mambo ya Mungu kila usiku, kwa lugha ambayo hata mchunga ng'ombe aliielewa. Hata Mabrahmani wengine wakaanza kuja kumsikiliza. Mmojawao alikuwa mwanamke aitwaye Bahinabai, aliyezaliwa mwaka wa 1628. Mume wake alikasirika na kumpiga kwa kumfuata mwalimu wa tabaka la chini, lakini hakuacha. Baadaye naye akawa mshairi, akayaandika maisha yake mwenyewe kwa mashairi.

Maadui hawakukosekana. Jirani mmoja, Mambaji, alimpiga kwa fimbo yenye miiba kwa sababu nyati wa kufugwa wa Tukaram aliingia bustanini mwake. Jioni ile Tukaram alipoona Mambaji hakuja kwenye nyimbo, alimfuata nyumbani, akamwomba radhi kwa kumchosha mkono, akamsihi aje.

Adui mkubwa zaidi alikuwa mtaalamu wa dini, Rameshwar Bhatt, kutoka Wagholi. Huyu aliona kwamba Msudra anavunja sheria, akaamuru mashairi yote yazamishwe mtoni. Tukaram hakubishana. Alikusanya madaftari yake, akayafunga pamoja na jiwe, akayatupa katika mto Indrayani, ule ule aliozitupia hati za madeni.

Watu wakamsema. Walimcheka kwamba mara ya kwanza alizamisha mali ya dunia hii, na sasa amezamisha na ya akhera. Amebaki mikono mitupu huku na huku. Maneno hayo yalimchoma. Aliketi juu ya jiwe kando ya mto, akakataa kula na kunywa kwa siku 13. Siku ya 13, hadithi yasema, madaftari yalielea juu ya maji, makavu, bila herufi hata moja kufutika.

Naye Rameshwar Bhatt? Yasimuliwa kwamba mwili wake ulishikwa na joto kali kama moto, asipate nafuu hadi alipopatana na Tukaram. Kisha akawa mfuasi wake, akatunga mashairi ya kumsifu mtu yule yule aliyetaka kumnyamazisha.

JE, MTO ULIYARUDISHA KWELI?

Hapa ndipo nilipokwama. Mwanafunzi wa fizikia atauliza karatasi inawezaje kukaa majini siku 13 na kutoka kavu. Mimi simcheki anayeamini muujiza, maana imani ya mtu ni yake. Lakini nilitafakari sana, nikaona kuna njia nyingine ambayo mto ungeweza kuyarudisha.

Mashairi yale yalikuwa yameimbwa kila usiku kwa miaka. Mkulima aliyaimba akipalilia, mama aliyaimba akisaga mtama. Tena alikuwako Santaji Jagnade, mkamuaji mafuta, ambaye hukumbukwa kama mwandishi wa mashairi ya Tukaram. Kwa hiyo hata kama madaftari yaliozea chini ya mto, mashairi hayakuwa kule chini. Yalikuwa vinywani mwa watu. Ungeyazamishaje bila kukizamisha kijiji kizima?

Kama angetunga kwa lugha wasiyoifahamu majirani zake, daftari likizama lingezama na kila kitu. Lugha ya watu ndiyo iliyomwokoa. Tena angalieni jambo hili: hakuna hadithi inayosema kwamba mto ulirudisha zile hati za madeni. Mto ule ule uliyarudisha mashairi tu. Nafikiri watu wa Dehu waliosimulia hivyo walijua wanasema nini.

MWISHO WAKE NA URITHI ALIOACHA

Husimuliwa kwamba Shivaji, aliyekuja kuwa mfalme mashuhuri wa Wamarathi, alimpelekea Tukaram farasi na vito vya thamani. Avali angefurahi kweli, lakini Tukaram alivirudisha vyote.

Alitoweka akiwa na umri wa miaka 40 na ushei, mwaka wa 1649 au 1650. Waumini husema alichukuliwa mbinguni akiwa mzima. Wako wengine walioshuku kwamba maadui zake walimuua. Mahali pa kuondokea kwake kuna mti, na kila mwaka katika siku ya kumbukumbu yake, ambayo mara nyingi huangukia mwezi wa Machi, umati hukusanyika adhuhuri kuutazama. Husemekana mti hutikisika saa ile aliyoondoka.

Avali alibaki na mimba. Mtoto aliyezaliwa, Narayan, hakumwona baba yake kamwe. Lakini huyo ndiye aliyeanzisha, mwaka wa 1685, msafara wa kubeba nyayo za Tukaram katika machela kutoka Dehu hadi Pandharpur. Msafara huo upo hadi leo. Kila mwaka, kati ya Juni na Julai, maelfu kwa maelfu ya watu hutembea kwa karibu wiki tatu, kwenye mvua na matope, wakiimba mashairi yake. Wenye shahada na wasiojua kusoma huyaimba pamoja.

Serikali ya Bombay iligharamia uchapishaji wa mashairi yake katika juzuu mbili, mwaka wa 1869 na 1873. Mwaka wa 1930 Mahatma Gandhi, akiwa kifungoni katika gereza la Yerwada, alitafsiri baadhi yake kwa Kiingereza. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka wa 1936, ikatambuliwa katika tamasha la Venice, Italia. Huko Dehu mashairi yamechongwa kwenye kuta za mawe ya marumaru, na mwaka wa 2022 Waziri Mkuu wa India alizindua hekalu la lile jiwe ambalo yasemekana Tukaram aliketi juu yake siku 13. Mtu aliyeambiwa hastahili kuandika sasa ameandikwa kwenye mawe.

JAMBO LANGU

Sasa nitimize ahadi yangu. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa na daftari la mashairi ya Kiswahili. Moja lilimhusu nyanya yangu na kibuyu chake cha maziwa. Wenzangu fulani walilipata, wakalisoma kwa sauti bwenini huku wakicheka. Waliniambia kwamba hayo ni maneno ya shamba, na kwamba lugha hiyo haitanipatia kazi hata siku moja. Mimi sikuketi juu ya jiwe siku 13. Nilikwenda nyuma ya jikoni nikalitia daftari langu motoni, nikaapa sitatunga tena.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja tukifua nguo bombani, nilimsikia mmoja wa wale wale waliocheka akiimba polepole. Nikatega sikio. Alikuwa anaimba ubeti wangu wa kibuyu! Nilipomwuliza aliutoa wapi, alisema hajui, ulimkaa tu kichwani tangu siku ile. Mabeti mengine matano yalikwisha kuwa majivu, nami siyakumbuki. Huo mmoja ndio uliobaki, na aliyeuhifadhi ni mtu aliyenicheka.

Nilijiunga na chama cha Kiswahili wiki iliyofuata. Niliposoma habari za Tukaram baadaye, niliona kama kwamba mtu amenishika bega.

Ewe mwenzangu uliye na daftari chini ya godoro, usilichome. Msomee jirani yako, mfundishe mdogo wako, liimbe ukifua. Karatasi huoza na moto hula, lakini neno likishaingia kinywani mwa watu, haliko mkononi mwa anayekucheka. Chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya masomo. Karibu, na uje na daftari lako.

Wasalaam.